Kidole Kisichopakwa Hina

Marahaba, marahaba, nimeziitikia zote. Ingieni mkae mkekani, msisimame mlangoni mkanizibia upepo. Saumu, wewe na hiyo mimba yako ya miezi minane usikae chini, chukua kile kiti cha kamba ukae hapa mbele yangu na simu yako. Hizo ndara za mumeo ziache nje. Naona na pete umeivaa shingoni kwenye mkufu. Nyie wasichana wa Ukunda kila siku mna mtindo mpya. Haya, rekodi.

Mmeniambia mnataka niwasimulie kazi ya kupamba wajawazito, ili wenzenu wa saluni wasikilize. Nimepamba wanawake kuanzia hapa Msambweni mpaka Lunga Lunga kwa miaka mingi kuliko umri wa yeyote kati yenu. Mikono ilipoanza kutetemeka nikaacha, kwa maana ua la hina likitetemeka huwa si ua tena, huwa funza. Lakini mjue mapema, mliokuja kutafuta maua mapya mtaondoka mmenuna. Mie nitawaambia habari ya woga.

Niliwaogopa wajawazito tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Mnacheka? Bibi harusi ukimharibia watakutukana wiki nzima, kisha yatapita. Mjamzito una watu wawili mkononi, na mmoja humwoni. Kila nilipoitwa kwenda kumpamba mwenye mimba, nilikuwa nasoma dua njiani huku nimeshika kikapu changu.

Aliyenifundisha ni Bi Mejumaa wa hapa hapa kwetu, Mungu amrehemu. Mwanamke mfupi, mkali, kutwa anatafuna tambuu. Nilikaa kwake miaka mitatu kabla hajaniachia mguu wa mtu. Mwaka wa kwanza kazi yangu ilikuwa kusaga liwa, ule mti wa kunukia, kwenye msio, lile jiwe letu, na kuchekecha hina kwa kipande cha leso kuukuu mpaka ibaki vumbi tupu. Tulichorea njiti ya ufagio wa chelewa. Nyie mnanunua koni imeshajazwa, mnakata ncha, mnachora huku mnapiga soga na simu iko begani. Siwalaumu, kazi zenu zinapendeza. Ila njiti ilikulazimisha uuinamie mguu wa mtu, uusogelee kwa pumzi, uutazame. Hilo ndilo lililokuwa na faida.

Makosa? Nilifanya mengi. Mjamzito usimfukizie udi kabla hujamuuliza. Mie nilimfukizia mwalimu mmoja wa Kombani, mimba changa, nikamwinamia na chetezo nikijiona fundi. Alitapika ndani ya sinia la hina. Sinia zima! Bi Mejumaa akalitazama sinia, akanitazama mie, akasema, "Haya, koroga, umpake." Nikaanza kulia, nikidhani anasema kweli. Yule mwalimu, maskini, ndiye aliyenibembeleza huku yeye mwenyewe anajifuta mdomo.

Tena mjamzito usimlaze chali saa nzima kwa sababu wewe unataka kumaliza nyayo. Mweke kwa ubavu wa kushoto, mpe mto, mwache ainuke akojoe mara kumi akitaka. Akisema ana kizunguzungu, kazi imekwisha siku hiyo, hata kama umepaka mguu mmoja. Atakwenda na mguu mmoja. Hakuna aliyekufa kwa sababu ya mguu usiopakwa.

Na piko, ile rangi nyeusi. Hili sikilizeni vizuri. Nilimpaka mke wa mfanyabiashara mmoja kule Lunga Lunga piko la unga mweusi uliovushwa mpakani, halina karatasi wala jina. Siku tatu alipendeza, watu wakaniulizia. Siku ya nne maua yote yakafura malengelenge, ua kwa ua, jani kwa jani, ungeweza kuifuata kazi yangu kwa kidole ukiwa umefumba macho. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Nilikaa chumbani kwangu siku mbili sitoki, nikisikia mtu akibisha hodi nadhani wamekuja kuniambia mimba imetoka. Alhamdulillahi haikutoka. Lakini makovu anayo hadi leo, na kila nikikutana naye hujifunika mkono kwa buibui ili nisione haya. Tangu hapo nikaapa kwamba mjamzito sitampaka piko, isipokuwa kwenye ncha za vidole tu.

Isipokuwa. Nitarudi hapo.

Bi Mejumaa alinifundisha sheria moja iliyozidi zote, akanitaka niirudie mbele yake kama mtoto wa chuo cha Kurani: mpambaji ana macho, hana mdomo. Wanawake wanakuvulia nguo. Utaona kovu, utaona alama ya mkanda mgongoni, utaona mimba iliyoitangulia ndoa. Unapaka, unafunga kikapu, unaondoka. Hiyo ndiyo sitara, na mtu akimsitiri mwenzake Mungu humsitiri na yeye. Na kwa mjamzito sheria ilizidi: usimtamkie neno baya, kwa kuwa maneno huumba. Ukiona kitu, sema "Mashallah", kisha meza mate. Nimefanya hivyo miaka na miaka, na watu walinipenda kwa hilo. Walisema Bi Mwanaidi ni kaburi.

Sasa nitawaambia habari ya Riziki.

Saumu, mbona unafinya macho? Humu ndani hakuna jua. Haya, endelea kushika simu.

Riziki alikuwa ameolewa hapa jirani, mimba yake ya kwanza, miezi minane kasoro siku chache. Mumewe alikuwa dereva wa lori, safari zake Samburu na mbele huko, hakuwepo. Riziki alikaa na mama wa mumewe, Bi Mwanatumu, mwanamke mkarimu, mwenye sauti, ambaye nyumba yake ilikuwa inamwoza binti siku ya Jumapili. Mie niliitwa Alhamisi asubuhi niwapambe wanawake wa nyumbani, bibi harusi mwenyewe awe wa mwisho.

Nilipoingia, shangazi na majirani walikuwa wamemzunguka Riziki wanamshangilia. "Mtazameni uso ulivyojaa! Mimba imempenda huyu!" "Alikuja kwetu mwembamba kama chelewa, leo mtazame, Mashallah, amenawiri." Na kweli alikuwa amejaa. Mashavu yamejaa, midomo imejaa, mikono imejaa. Bi Mwanatumu anatabasamu, kwa maana mkwe akinawiri sifa ni za mavyaa anayemlisha. Na Riziki anacheka, lakini anacheka kwa mdomo tu, macho yamevimba na yako mbali.

Nikamchukua chumba cha uani nimsinge liwa kwanza. Bangili zake mbili zilikuwa zimezama ndani ya mkono; niliposogeza moja, chini yake palikuwa na mfereji. Pete tuliitoa kwa sabuni, kwa taabu, akilia machozi na kucheka kwa pamoja. Kisha nikaanza kumsinga mguu. Nikapitisha kidole gumba muundini, hapa kwenye mfupa wa mbele, nikabonyeza kidogo. Nilipoondoa kidole, shimo likabaki.

Nilingoja lijae. Halikujaa. Nikasaga liwa kidogo, nikarudi, bado lipo pale, linanitazama.

Wajawazito huvimba miguu, hilo kila mtu analijua, jioni, akisimama sana, wakati wa joto. Lakini ile ilikuwa asubuhi, ametoka kitandani. Na ilikuwa mikono na uso pia. Mie si nesi, lakini mikono yangu ilikuwa imeshika mamia ya miguu, na mikono ikaniambia kabla ya akili.

Riziki akanishika kifundo cha mkono. Akaninong'oneza, "Bi Mwanaidi, kichwa kinanigonga tangu jana. Na huku," akaweka mkono kwenye chembe cha moyo, "kama kuna jiwe. Na mara nyingine naona vimulimuli mchana."

Nikamuuliza, "Umemwambia mama?"

"Usimwambie! Nakuomba wallahi. Wataona nakimbia kazi za harusi. Wifi yangu atasema nimemwonea wivu siku yake. Nipambe tu nipendeze, Jumatatu nitakwenda kliniki."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa, wanangu, wazi kabisa. Nilikuwa na haja ya kusimama tu, hatua kumi mpaka uani, niseme, "Bi Mwanatumu, mkweo anaumwa." Niliogopa. Niliogopa maneno huumba. Niliogopa kuitwa mpambaji mwenye mdomo. Niliogopa kumharibia mtu harusi. Nikasema, "Mashallah, utapendeza." Nikameza mate.

Na laiti ningeishia hapo! Lakini mie fundi. Nilitumia ufundi wangu wote kumficha. Miguuni nikachora mashada makubwa, mazito, yanayopanda mpaka nusu ya muundi, kwa sababu ua dogo kwenye mguu uliovimba linaonyesha uvimbe, na ua kubwa linaufunika. Machoni nikamvuta wanja mrefu kwa nje, ili ule uvimbe wa kope uonekane ni urembo. Viganjani nikajaza hina, sikuacha nafasi ya kupita mchwa. Na ncha za vidole, kumi za mikono na kumi za miguu, nikazichovya piko jeusi mpaka kwenye fundo la kwanza, kucha na nyama. Nilipomaliza nikamtoa nje, wanawake wakapiga vigelegele. Nami nilijisikia fahari, Mungu anisamehe. Nilikuwa na hofu na fahari katika kifua kimoja.

Sikulala vizuri usiku ule. Ijumaa nikarudi kumrudishia bibi harusi hina ya pili. Wanaume walikuwa wametoka msikitini, wanawake wako jikoni wanakuna nazi. Riziki alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna. Nikamtazama, akanitazama, akaninyanyulia nyusi kidogo kama mtu anayesema nyamaza. Nikakaa. Nikafungua kikapu. Ndipo nikasikia nazi imeanguka, na mtu akapiga kelele.

Alikuwa chini, mwili unakakamaa na kutupa miguu, macho yamegeuka. Mmoja akasema ni mashetani, akimbiliwe mganga. Mwingine akaanza kumsomea. Bi Mwanatumu alikuwa ameshika kichwa chake mwenyewe kwa mikono yote miwili. Jirani mmoja mwenye gari dogo akasogeza gari mpaka mlangoni, tukampakia, mie nikiwa nimemshika miguu. Njia nzima naisugua ile miguu, nayasugua yale maua, sijui nilidhani nini. Hina haitoki, nani asiyejua? Mie mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiwaahidi watu kwamba hina yangu haitoki.

Hospitalini alitupokea nesi mmoja wa bara, msichana mwembamba, mwenye haraka. Akachukua kile kidude kinachobana kidole ili kionyeshe hewa iliyo kwenye damu, akambana Riziki. Kimya. Akahamisha kidole. Kikatoa namba, ikapotea. Akahamisha kingine. Akaushika mkono akabonyeza ukucha aone kama damu inarudi, akaona weusi. Akageuza kiganja, akaona hina. Akakimbilia miguuni, kucha nyeusi zote. Akainua uso.

"Nani amempaka hii kitu?"

Nikanyoosha mkono juu, mie mtu mzima, kama mtoto darasani.

"Mama, umenifungia madirisha yote," akasema, huku tayari anambana Riziki kwenye ncha ya sikio. Mwenzake akampima presha, akaisoma kwa sauti, na daktari akatoka mbio chumba cha pili. Kisha daktari, akiwa amemwinamia Riziki, akauliza bila kugeuka: "Nani anayeishi na mgonjwa? Alilalamika kichwa? Macho? Tumbo la juu? Tangu lini?"

Bi Mwanatumu akasema, "Hapana, daktari. Alikuwa mzima. Jana amepambwa, kila mtu ameona alivyonawiri."

Na alikuwa akisema kweli yake. Hakujua. Kwenye chumba kile aliyejua alikuwa mmoja tu.

Ulimi ulikuwa mzito, wanangu, mnisadiki, ulikuwa mzito kuliko mwili wa Riziki nilipomwinua jikoni. Nikasema, "Kichwa tangu Jumatano. Jiwe kwenye chembe cha moyo. Vimulimuli. Na mguu nilimbonyeza jana asubuhi, shimo likabaki." Nikasema yote, bila kupumua. Daktari akaniangalia mara moja tu, akasema, "Asante," kisha wakamsukuma Riziki kwenda kupasuliwa. Milango ikafungwa.

Bi Mwanatumu akageuka taratibu. Hakupiga kelele, yule mwanamke mwenye sauti. Akaniuliza, "Ulijua jana?"

"Nilijua."

"Ukampaka wanja."

"Nikampaka wanja."

Akaketi sakafuni, na hakuniambia neno jingine kwa mwaka na zaidi.

Riziki aliishi. Mtoto alitoka hai, wa kiume, mdogo sana, akakaa siku mbili, kisha akarudi kwa Mola wake. Nilikwenda mazikoni, nikasimama na wanawake, hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenisogelea. Riziki alikuwa bado hospitalini, na nilisikia kwamba siku ile walipomwambia, alifunika uso kwa viganja vyake, na viganja vilikuwa bado vyekundu, hina yangu imekolea vizuri. Hilo sijalisahau. Nikilala naliona.

Nesi aliniambia baadaye, nilipokwenda kumwomba radhi, kwamba lile la vidole halikumchelewesha sana. Sikio lilitosha, na presha haipimwi kwa kucha. Alikuwa ananipoza moyo, lakini hakunidanganya. Akasema, "Kilichochelewa ni ile siku moja." Nikamwuliza nifanye nini. Akafikiri, akasema, "Wewe unawaona miguu kabla yetu. Ukiona, sema. Na uniachie japo kidole kimoja."

Nikaacha kazi. Kikapu nikakitundika, nikawa nauza mabuyu na achari. Mwaka ukapita na miezi. Siku moja mchana nipo hapa hapa barazani, nikamwona Riziki anakuja, na tumbo. Nyuma yake Bi Mwanatumu. Nikasema moyoni, wamekuja kunilaani, na wana haki.

Riziki akaniamkia, akaketi, akanyoosha miguu yake hapa mkekani. "Nimekuja kupambwa," akasema.

"Mie nimeacha, mwanangu. Nenda kwa wasichana wa Ukunda."

"Wasichana wa Ukunda wana maua mazuri kuliko yako. Nani kati yao atanibonyeza mguu?"

Nikakataa. Wallahi nilikataa, nikamwambia nakuogopa, Riziki, nakuogopa wewe kuliko mtu yeyote duniani. Akasema, "Ndiyo maana nakutaka wewe. Wasioogopa watanisifu." Nikamtazama Bi Mwanatumu, ambaye alikuwa bado amesimama pale mlangoni, hajanijibu salamu. Akasema kwa ukali, "Mpake. Lakini umtazame."

Nikambonyeza mguu kabla sijafungua hina. Nyama ikarudi pale pale. Nikalia. Kisha nikampamba, hina tupu, piko nililimwaga chooni siku ile ile ya mazishi. Vidole nikapaka tisa. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kile tunachoshuhudia nacho, nikakiacha kilivyo, mpaka ukucha, mpaka kiganja chake pale chini. Na kila wiki nilikwenda kumbonyeza, awe anataka hina au hataki. Wiki ya thelathini na sita shimo likabaki, dogo. Sikusema Mashallah. Nilisema, "Bi Mwanatumu, vaa buibui, twende hospitali." Tulikwenda sote watatu mchana kweupe, Riziki kwa miguu yake mwenyewe. Binti yake sasa anasoma darasa la pili, ana fujo kama nini.

Basi wanawake walipoona Riziki ana kidole kimoja kitupu, kwanza walimcheka. "Bi Mwanaidi hina ilimwishia?" "Kidole kimoja hakivunji chawa!" Kisha kila mjamzito akataka kuachiwa chake. Mkaanza nyie vijana, mkakiita kidole cha mama, mkakipiga picha kule ufuoni Diani, mama mtarajiwa ameweka mkono juu ya tumbo, kidole kitupu kinaonekana. Mie nilifurahi. Nilidhani mnajua.

Mwezi uliopita nilialikwa harusi Ukunda, nikamwona mjamzito ana kidole kile, hina hakuna, vizuri sana. Lakini ukucha wake umebandikwa ukucha wa plastiki, mrefu, wa rangi ya dhahabu, na juu yake kito. Nikamwuliza aliyempamba, mbona hivi? Akaniambia, "Bibi, kidole kitupu kinaboesha. Tunakipatia shoo." Mmelishika ua mmeacha mzizi. Ndiyo maana nilikubali mje leo.

Sheria ya Bi Mejumaa siifuti yote. Kovu la mtu lisitiri. Siri ya ndoa yake isitiri. Lakini damu yake na pumzi yake na maji yaliyomjaa miguuni, hayo si siri ya kusitiri, hayo yapigie kelele hata akuchukie. Wazee walisema mficha uchi hazai, na mie nilisaidia kuuficha. Tumieni maua yenu, tumieni koni zenu, pigeni picha. Ila kabla hujamsifu mjamzito amenawiri, mbonyeze mguu.

Nimezungukazunguka vya kutosha. Nilipoanza mlidhani nawasimulia nyote, na nimewasimulia kweli, lakini tangu mlipoingia pale mlangoni nimekuwa namwangalia mmoja. Pete iliyo shingoni si mtindo. Ndara za mumeo umezivaa kwa sababu zako hazikuingii. Umefinya macho mara nne, mara mbili umejishika hapa juu ya tumbo ukidhani natazama kando. Wenzako wamekusifu tangu mlipokuja umejaa uso, na mie nimekaa hapa saa nzima nasimulia habari za miaka iliyopita, kwa sababu nilikuwa natafuta ujasiri. Mzee mzima, na bado mdomo wangu mzito.

Hapana, usiniambie ni uchovu, Saumu. Usiniambie Jumatatu. Sikusitiri, wasikie wote. Wewe uliye karibu na mlango, toka ukasimamishe tuktuk, usingoje nikuambie mara ya pili. Nawe, mwanangu, zima hiyo simu, uniwekee mguu wako hapa mapajani.